Kuupokea mwaka Kiskoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Hogmanay

Ukurasa huu ni wa msomaji wa Kiswahili anayekaribia kuupokea mwaka Uskoti kwa mara ya kwanza, awe mwanafunzi Aberdeen, muuguzi Glasgow au mgeni aliyekuja kumtembelea ndugu. Wengi hudhani Hogmanay ni zile fataki za Edinburgh zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Fataki zipo, lakini mila yenyewe inakaa mlangoni: nini kitoke ndani kabla mwaka haujaisha, na nani aingie, akiwa na nini mkononi, ukishaanza. Ukilishika hilo, mengi ya huku chini hayatakushangaza.

Hogmanay ni siku gani hasa?

Ni tarehe 31 Desemba pamoja na usiku wake mpaka kunapokucha. Tarehe 1 Januari nayo ina jina lake, Ne'erday. Waskoti wengi huweka mkazo mwishoni, hogmaNEI. Ukiutamka kwa mkazo wetu wa kawaida utaeleweka, ila watatabasamu.

Tarehe hiyo haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani mwaka rasmi wa Uskoti ulianza tarehe 25 Machi, mpaka Mfalme James VI alipoamuru kwamba kuanzia 1600 uanze tarehe 1 Januari. Majirani zao Waingereza waling'ang'ania Machi hadi 1752. Kwa zaidi ya miaka 150, basi, mtu aliyevuka mpaka kwenda kusini mwezi wa Januari alikuwa akirudi mwaka jana.

Kwa nini Waskoti huupa mwaka mpya uzito kuliko Krismasi?

Kwa sababu Krismasi walinyang'anywa. Mageuzi ya Kiprotestanti ya 1560 yaliliweka kanisa la Uskoti mikononi mwa watu waliosema kwamba lisiloamriwa na Biblia lisifanywe kanisani, na wao hawakuiona Krismasi popote katika Biblia. Mwaka 1640 Bunge la Uskoti likaifuta kabisa likizo ya msimu huo. Sheria zililegea na kukazwa kwa nyakati tofauti, lakini desturi ya kuipita Krismasi kimyakimya ilizama ndani ya watu. Tarehe 25 Desemba haikuwa sikukuu ya umma Uskoti hadi 1958. Wapo wazee mpaka leo wanaokumbuka baba zao wakienda kazini siku hiyo kama siku nyingine yoyote.

Furaha ya majira ya baridi ilibidi itafute pa kwenda, ikahamia mwisho wa mwaka, ambao kanisa halikuwa na neno kubwa nao. Zawadi, mapochopocho, kutembeleana, kulewa, vyote vikahamia huko.

Kuna pia suala la giza, ambalo mtu aliyekulia karibu na ikweta halielewi mpaka alione. Mwishoni mwa Desemba jua la Edinburgh huchomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Ukienda visiwa vya Shetland, mchana ni mfupi zaidi. Watu wanaoishi hivyo wiki baada ya wiki hawahitaji kuelezwa kwa nini sherehe yao imejaa moto.

Nyumba huandaliwaje?

Kwa usafi mkali. Mchana wa tarehe 31 nyumba hufagiliwa, vyombo huoshwa, nguo hufuliwa. Katika nyumba zenye jiko la moto wa makaa, kazi kuu ilikuwa kuyatoa majivu ya mwaka na kuacha mahali pa moto pakiwa peupe kabisa, ili moto wa mwaka mpya usiwashwe juu ya taka za zamani. Kulikuwa na waliosoma majivu yale kabla ya kuyamwaga, wakitafuta dalili za mwaka unaokuja.

Kisha madeni. Kilichokopwa hurudishwa na kinachodaiwa hulipwa kabla ya kengele za saa sita usiku. Hapa wengi wetu tungekwama. Kwao, hata nguo iliyoachwa nusu kushonwa ilihesabiwa kama deni, kwa hiyo kazi za mkono zilimalizwa au zilifichwa.

Saa sita kamili hutokea nini?

Kengele za makanisa hulia, na Waskoti huuita wakati wenyewe kwa jina hilo tu: kengele. Watakuuliza, utakuwa wapi kengele zikilia? Katika miji ya bandari meli zilizotia nanga hupiga honi zote kwa pamoja. Kwa wazee wa kando ya mto Clyde, hiyo ndiyo iliyokuwa sauti halisi ya mwaka mpya. Nyumba nyingine hufungua mlango wa nyuma ili mwaka wa zamani utoke, halafu hufungua ule wa mbele ili mpya uingie. Baadaye watu hukumbatiana, hupeana mikono na huimba. Baada ya hapo masikio yote yako mlangoni, kungoja hodi.

Huyo anayengojwa ni nani?

Ni mgeni wa kwanza, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku. Waskoti humwita first foot, na kazi ya kuzunguka nyumba hadi nyumba usiku huo huitwa kwa jina hilohilo. Bahati ya nyumba kwa mwaka mzima ilisemekana kutegemea huyo aliyeingia kwanza na alichokileta. Anayefaa kuliko wote ni mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi.

Kwa nini nywele nyeusi? Maelezo utakayosikia kila mahali ni ya Wavikingi, wale mabaharia wavamizi wa kale kutoka Skandinavia: kwamba zamani mtu mwenye nywele za rangi ya dhahabu akigonga mlango usiku, huenda ametoka kwenye jahazi la vita na ana shoka mkononi. Hadithi ni tamu na husimuliwa kwa raha, ila ichukue kama hadithi. Imani ya mgeni wa kwanza ilikuwepo pia kaskazini mwa England, nchi jirani, ikiwa na sura zake tofauti.

Bahati yenyewe hupangwa bila haya. Nyumba yenye kijana wa nywele nyeusi humtoa nje dakika chache kabla ya saa sita, akiwa na zawadi mfukoni, akasimama kwenye baridi mpaka kengele zilie, kisha hupiga hodi kwenye mlango wa kwao. Humkaribisha kama mgeni aliyetoka mbali. Hakuna anayejali kwamba alikuwa sebuleni dakika kumi zilizopita.

Mgeni wa kwanza hubeba nini?

Asije mikono mitupu. Hilo ndilo kosa la kweli, kubwa kuliko rangi ya nywele.

Vitu vya jadi ni kipande cha makaa ya mawe, ili moto usizimike, kitu cha kula, mara nyingi shortbread, ile biskuti nene ya siagi, au black bun, chumvi kidogo, wakati mwingine sarafu, na chupa ya wiski. Makaa hutupwa motoni na mgeni mwenyewe, akiitakia nyumba heri. Visiwani, ambako moto huwashwa kwa mboji iliyokaushwa, kipande cha mboji hufanya kazi hiyohiyo. Nyumba nyingi za sasa zina hita za gesi na hazina hata dohani, lakini watu bado huleta kipande cha makaa na wenyeji hukiweka juu ya rafu kama pambo hadi mwaka mwingine.

Chupa ina adabu yake. Mgeni humimina kwanza, kutoka chupa yake, kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba hurudisha kwa kumimina kutoka yake. Kisha mgeni hufunga chupa na kwenda nyumba ya pili na ileile. Katika mitaa ambayo watu bado wanajuana, mzunguko huu unaweza kwenda mpaka asubuhi, na nyumba ya mwisho hupata mgeni asiyekumbuka vizuri ya kwanza ilikuwa ipi.

Na mwanamke je? Na mwenye nywele nyekundu?

Kwa jadi, wote wawili walihesabiwa kisirani, pamoja na wenye nywele za dhahabu. Leo wengi huligeuza kuwa utani, na utaona wanawake wakigonga milango wakiwa na shortbread bila mtu kushtuka. Lakini ukikuta bibi wa miaka 85 anayemwomba mpwa wake mwenye nywele nyekundu asubiri nyuma kidogo, usianze mjadala naye usiku huo.

Mimi ni Mwafrika, na wenyeji wangu wamenisukuma nje kwa kicheko nikawe mgeni wa kwanza. Ni heshima au ni dhihaka?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, lakini huulizwa. Mila inazungumzia nywele nyeusi, na kwa kipimo hicho wewe unafaa kuliko nusu ya mtaa. Mara nyingi anayekuomba anakupa nafasi ambayo familia humpa mtu inayemtakia mema, kwa kuwa anakukabidhi mwaka wake. Hata hivyo unajua mwenyewe nyumba uliyomo na watu waliomo. Wakikufanya kichekesho cha usiku mzima, au wakitaka kukupiga picha kila mlangoni, una haki ya kusema hapana na kubaki karibu na hita. Ukikubali, vaa koti. Watasahau kukuambia.

Sinywi pombe. Nitaweza kushiriki?

Ndiyo. Chukua shortbread na chumvi, au makaa, na mwenyeji mstaarabu hatauliza chupa iko wapi. Wapo Waskoti wengi wasiokunywa, wakiwemo waumini wa makanisa yenye msimamo mkali wa visiwa vya magharibi, kwa hiyo hutakuwa kioja.

Pa kuangalia ni kwenye chakula. Black bun ni keki nzito ya zabibu kavu, viungo na maganda ya matunda, iliyofungwa ndani ya ganda la unga, na mapishi mengi huitia wiski au brandi. Clootie dumpling, ile keki inayochemshwa ikiwa imefungwa kitambaani, kwa kawaida ina mafuta ya mnyama, na pai ya nyama ya siku ya pili itategemea bucha. Shortbread ya jadi ni siagi, sukari na unga tu, kwa uwiano wa sukari moja, siagi mbili, unga tatu. Kwa Mwislamu asiye na uhakika, hiyo ndiyo salama, ila soma pakiti.

Kwa wanaonunua: Uskoti maduka hayaruhusiwi kuuza pombe ya kubeba baada ya saa nne usiku. Kila mwaka kuna mtu anayekimbilia dukani saa nne na dakika tano.

Wimbo ule wa Auld Lang Syne ni wa nani, na mikono hushikwaje?

Jina lake ni kama kusema siku zile za kale. Maneno yanayoimbwa leo yaliwekwa sawa na mshairi Robert Burns, aliyezaliwa Alloway mwaka 1759. Mwaka 1788 aliyapeleka kwa mkusanyaji wa nyimbo James Johnson. Burns mwenyewe alisema aliyaandika kutoka kwa mzee aliyekuwa akiimba. Johnson aliyachapisha mwishoni mwa 1796, na Burns alikuwa ameshafariki Julai ya mwaka huohuo. Tuni tunayoijua si ile iliyochapwa mara ya kwanza. Hii ya sasa iliunganishwa na maneno hayo katika kitabu cha George Thomson cha 1799. Nje ya Uskoti wimbo ulisambaa kwa njia nyingi, na Marekani ulipata nguvu kwa bendi ya Guy Lombardo, iliyoanza kuupiga redioni New York mkesha wa mwaka mpya wa 1929. Ukiwahi kuwa skauti, huenda ulishaimba tuni hiyo kwenye duara la kuagana bila kujua ilikotoka.

Sasa mikono, maana hapa ndipo mgeni hujulikana. Watu husimama kwenye duara na kushikana mikono kwa kawaida. Mikono haikunjwi kifuani mwanzoni. Hukunjwa pale tu ubeti wa mwisho unapoanza, ule unaosema huu hapa mkono, rafiki yangu mwaminifu: mkono wa kulia humshika jirani wa kushoto na wa kushoto humshika wa kulia. Wanasiasa na watu mashuhuri hukosea kila mwaka mbele ya kamera, na Waskoti hufurahia sana kuwasahihisha. Maneno ya beti za katikati wenyewe wengi hawayajui. Imba kiitikio kwa sauti na mengine vuma tu.

Nimesikia kuhusu moshi na ngozi ya ng'ombe. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye utajiri kuliko pote, ingawa hapaonekani kwenye vipeperushi vya watalii.

Katika Nyanda za Juu, kaskazini na magharibi mwa nchi, kulikuwa na desturi ya kuitakasa nyumba asubuhi ya mwaka mpya, nayo iliitwa saining. Kwanza huletwa maji kutoka kivuko cha mto kinachopitwa na walio hai na waliokufa, maana yake mahali ambapo watu huvuka kwa shughuli zao na majeneza huvushwa yakienda makaburini. Maji hayo hunywewa na kunyunyizwa vyumbani, vitandani na juu ya watu. Kisha milango, madirisha na kila tundu huzibwa, na matawi makavu ya mti wa junipa huchomwa ndani mpaka nyumba ijae moshi. Watu hukohoa, hupiga chafya, machozi huwatoka. Ng'ombe na farasi zizini nao hufukizwa. Hali ikishakuwa haivumiliki, mama wa nyumba hufungua madirisha kuingiza hewa mpya ya mwaka mpya, chupa huzungushwa ili watu warudiwe na pumzi, na familia huketi kula kifungua kinywa. Anayejua kufukiza ubani au udi hatahitaji maelezo marefu kuhusu nia ya moshi ule. Siku hizi wapo wachache wanaofufua desturi hiyo, kwa junipa kidogo na madirisha wazi zaidi kuliko bibi zao.

Ngozi ya ng'ombe ni ya visiwa vya magharibi na sehemu za Nyanda za Juu, kwa watu wa lugha ya Kigaeli. Vijana walikwenda nyumba kwa nyumba usiku wa tarehe 31, mmoja amejifunika ngozi kavu ya ng'ombe. Walizunguka nyumba kwa kufuata mwendo wa jua, wenzake wakiipiga ngozi ile kwa fimbo kwa kelele za kutosha kuamsha mfu. Mlangoni hawakufunguliwa bure: walighani shairi la kuomba kuingia. Wakiwa ndani, walipitisha ukanda wa ngozi ya mnyama uliounguzwa kwenye moto, na kila aliyemo ndani aliunusa ili alindwe. Wakipewa mkate na vinywaji, waliibariki nyumba. Wakinyimwa, walikuwa na mistari mingine tayari, na hiyo haikuwa baraka. Kwenye kisiwa cha South Uist watoto bado hupita nyumba kwa nyumba na mashairi ya Kigaeli.

Nataka kuona moto. Niende wapi?

Kwangu mimi, Stonehaven, mji mdogo wa bahari kusini mwa Aberdeen. Saa sita usiku, wanaume na wanawake zaidi ya arobaini hushuka barabara kuu, High Street, kila mmoja akizungusha juu ya kichwa tufe la moto: tundu la waya lililojazwa vitu vya kuungua, limefungwa mwisho wa kamba ndefu ya waya. Wanatembea huku wakizungusha, zumari za Kiskoti zikiwatangulia, cheche zikiruka hadi kwenye kuta. Mwisho hufika bandarini na kuyarusha matufe baharini. Desturi hii ina zaidi ya miaka mia moja. Barabara ni nyembamba, kwa hiyo fika mapema, na usivae koti la nailoni unalolipenda.

Comrie, kijiji cha Perthshire, kina mienge mirefu ya magogo ya mti, vichwa vyake vimefungwa magunia yaliyoloweshwa mafuta ya taa kwa siku kadhaa. Vijana wenye mabega huibeba kuzunguka kijiji kuanzia saa sita usiku, halafu huitupa katika mto Earn kutoka darajani. Biggar, kusini, huwasha lundo kubwa la kuni katikati ya mji. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, taa za nje zilipopigwa marufuku, inasimuliwa kwamba walihifadhi desturi kwa kuwasha mshumaa ndani ya kopo.

Burghead na Lerwick nazo ni za moto, ila usiende tarehe 31. Soma swali linalofuata.

Kwa nini Burghead husherehekea tarehe 11 Januari?

Mwaka 1752 serikali ilibadilisha kalenda na siku 11 zikafutwa. Sehemu nyingi zilikubali kwa shingo upande. Burghead, mji wa wavuvi kwenye pwani ya Moray, ulibaki na mwaka wake wa zamani. Jioni ya tarehe 11 Januari nusu ya pipa hupigiliwa kwenye nguzo, hujazwa kuni na lami, na kuwashwa. Hiyo ndiyo Clavie. Kiongozi wao huitwa mfalme wa Clavie, na watu wake hulibeba kwa kupokezana kuzunguka mji, likidondosha lami inayowaka, mpaka kilima cha Doorie, juu ya mabaki ya ngome ya Wapikti, watu wa kale wa kaskazini mwa Uskoti. Vipande vilivyoungua hugombewa: ukiwa na kimoja ndani ya nyumba, bahati imekaa. Wachungaji wa karne ya 18 waliikemea sherehe hii kama ushirikina. Wachungaji hao hawapo tena, na pipa bado linabebwa.

Kisiwa cha Foula, Shetland, nacho kinafuata kalenda ya zamani: mwaka mpya wao ni tarehe 13 Januari. Up Helly Aa ya Lerwick, makao makuu ya Shetland, hufanyika Jumanne ya mwisho ya Januari. Ni maandamano ya mienge na jahazi la Kivikingi linalochomwa moto. Lerwick ilichelewa kuwaruhusu wanawake na wasichana kuandamana katika vikundi vyake. Ilifanya hivyo 2023 tu, na ilikuwa imechelewa mno.

Tarehe 1 Januari huliwa nini?

Pai ya nyama ya ng'ombe. Mabucha hupokea oda wiki kadhaa kabla, na watu hupanga foleni tarehe 31 kuchukua pai zao. Huliwa na viazi na mboga, mchana au jioni, na watu waliolala kwa saa tatu tu. Haggis, chakula cha nyama za ndani za kondoo, unaweza kuiona, lakini siku yake hasa ni tarehe 25 Januari, kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Burns.

Kuna miiko ya siku hiyo?

Ipo, na yote ni ile habari ya mlango. Kwa jadi, siku ya kwanza kitu hakitoki ndani kabla kingine hakijaingia: majivu hayamwagwi, takataka hazitupwi, na moto hauazimwi jirani, kwa kuwa ungempa na bahati yako. Nyumba nyingine hazikufagia kabisa. Vijijini, wasichana walikimbilia kisimani alfajiri wagombee maji ya kwanza ya mwaka, yaliyosemekana kuleta uzuri na mchumba. Aliyeshinda alihakikisha jirani zake wanajua.

Kweli watu huingia baharini Januari?

Kweli, na kwa hiari. South Queensferry, chini ya madaraja ya Forth, kuna Loony Dook, iliyoanza miaka ya 1980 kama mzaha wa kutibu uchovu wa pombe. Watu huvaa mavazi ya kuchekesha na kujitumbukiza kwenye maji ya barafu. Broughty Ferry, karibu na Dundee, walianza kuogelea siku hiyo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Ukiwa na tatizo la moyo, shangilia ukiwa ufukweni.

Kirkwall, visiwa vya Orkney, wao hucheza mpira, kama huo ni mchezo. Mamia ya wanaume, nusu ya juu ya mji dhidi ya nusu ya chini, hugombea mpira mmoja wa ngozi uliojazwa kizibo kuanzia saa saba mchana. Wa chini wanataka kuutia baharini, wa juu kuufikisha kwenye kona ya ukuta wao. Wenye maduka hupigilia mbao madirishani. Inaweza kuchukua saa nyingi.

Je, niende sherehe ya barabarani ya Edinburgh?

Ukipenda umati, muziki na fataki juu ya ngome, nenda, lakini nunua tiketi mapema na uwe na mpango mwingine. Sherehe ya sasa ilianza 1993. Upepo ni adui yake wa kudumu: za nje zilifutwa kwa ajili ya hali ya hewa mwaka 2003, 2006 na tena 2024, wageni wakiwa wameshafika mjini.

Zamani Edinburgh walikusanyika bila tiketi, nje ya kanisa la Tron, kungoja kengele. Barabarani kulikuwa na birika za shaba zenye het pint, bia ya moto iliyochanganywa na wiski, mayai na kungumanga. Usiku wa kuamkia 1812 magenge ya vijana yalivamia watu katika mitaa hiyo, polisi mmoja akauawa, na Aprili vijana watatu wakanyongwa hadharani kwenye High Street. Baada ya hapo raha ya mitaani ilipoa kwa muda mrefu.

Ushauri wangu: ukialikwa kwenye nyumba ya mtu, au kwenye ceilidh, ngoma ya ukumbini ambamo mpigaji hutangaza hatua na kila mtu hukanyagwa, acha Edinburgh.

Nipige simu nyumbani saa ngapi?

Mwaka mpya ukifika Nairobi, Dodoma au Zanzibar, Uskoti ni saa tatu usiku. Wapigie hapo. Ukingoja kengele za Uskoti, kwao ni saa tisa usiku na utawaamsha wazee. Lubumbashi, Bujumbura na Kigali hutangulia kwa saa mbili, kwa hiyo kwao piga saa nne.

Nimtakieje heri Mskoti?

"Happy New Year" yatosha, lakini jaribu "Lang may yer lum reek": dohani yako na ifuke moshi siku nyingi, yaani usikose kuni wala wa kukaa nao karibu na moto. Itamke vibaya, watafurahi zaidi. Usimtakie mtu kabla ya saa sita. Wengine huona ni kuukaribia mkosi.

Na tarehe 2 Januari, mbona kila kitu bado kimefungwa?

Ni sikukuu ya umma Uskoti peke yake. Sehemu nyingine za Uingereza wako kazini. Treni na mabasi ni machache tarehe 1 na si mengi tarehe 2, kwa hiyo nunua maziwa, mkate na dawa zako tarehe 31 mchana.